Kupanda na Kutunza Mwasumini Uani Mpaka Uchanue

Mwasumini ni kichaka kisichopukutisha majani, chenye majani ya kijani yanayong'aa mwaka mzima na maua meupe yanayofunguka jioni na kunukia usiku kucha. Asili yake ni Asia ya Kusini, na jina lake la kitaalamu ni Jasminum sambac. Katika pwani ya Afrika Mashariki, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Unguja na Pemba, mmea huu hauhitaji kutambulishwa, kwa kuwa ndio unaotoa asumini, yaani maua yake, za makoja, za vikuba (vifungu vidogo vya maua ya kunukia wanavyojipamba navyo wanawake) na za kutandazwa kitandani siku ya harusi. Hata hivyo, wengi wanaoupanda huishia kuwa na kichaka kikubwa chenye afya na maua machache mno, na wengine huutunza miaka miwili mitatu bila kupata hata asumini za kujaza kisahani.

Sababu yake kwa kawaida ni moja. Asumini hutoka kwenye ncha za machipukizi mapya, na tawi lililokomaa likakauka gome halichanui tena mpaka litoe chipukizi jingine ubavuni. Kwa hiyo kazi ya mtunza mwasumini ni kuufanya mmea uchipue mara kwa mara, na jua, udongo, maji, mbolea na mkasi vyote vinatumikia lengo hilo. Atakayelishika jambo hili ataelewa kwa nini baadhi ya hatua zinazofuata zinasisitiza mambo ambayo kwa mti wa kivuli au ua la mapambo tu yasingekuwa na uzito.

Hatua ya kwanza: kuchagua mche sahihi

Kabla ya kununua, hakikisha kwamba unachouziwa ni mwasumini kweli. Katika vitalu vya miche huuzwa mimea kadhaa yenye maua meupe ya kunukia, na yote huitwa asumini au yasmini bila kujali. Tazama majani: jani la mwasumini ni moja zima, lenye umbo la yai, limekaa juu ya kikonyo kifupi, na huota mawili mawili yakitazamana kwenye kila kifundo, au pengine matatu matatu. Ukiona jani lililogawanyika vijani vingi kando ya uti mmoja, huo ni mmea mwingine, hata kama maua yake ni meupe na yananukia. Mwafu wa porini nao ni ndugu yake, lakini hutambaa juu ya miti mingine, na jani lake huwa na vijani vitatu.

Mwasumini wenyewe una aina zinazotofautiana kwa ua. Ipo yenye petali za safu moja, ipo yenye safu mbili au tatu, na ipo yenye petali nyingi zilizosongamana hadi ua likafanana na waridi dogo, ambayo wauzaji wa miche duniani huiita Grand Duke of Tuscany. Hii ya mwisho hupendeza machoni, lakini hukua polepole na kutoa maua machache. Kwa mtu anayetaka asumini za kutunga, ninapendekeza ile ya safu moja au mbili, kwa kuwa huchanua kwa wingi na shingo ya ua lake ni ndefu kiasi cha kupitisha sindano bila kulipasua.

Mche mzuri si lazima uwe mrefu. Chagua wenye matawi mawili au matatu yanayotokea chini, majani ya kijani kizito na mizizi isiyokuwa imezunguka mfuko mzima. Geuza majani machache uangalie upande wa chini. Ukikuta unga mweupe kama pamba au vidoa vinavyonata, uache hapo hapo, kwa kuwa utapeleka wadudu nyumbani.

Hatua ya pili: kuchagua mahali

Mwasumini unahitaji jua la moja kwa moja kwa muda usiopungua saa tano au sita kwa siku. Watu wengi huupanda chini ya mwembe au nyuma ya nyumba kwa kudhani kwamba mmea laini wa namna hii utaungua, na hapo ndipo wanapopata majani mengi, matawi marefu membamba yanayotafuta mwanga, na maua haba. Jua la asubuhi hadi adhuhuri ndilo bora. Mahali penye jua kali la alasiri linalorudishwa na ukuta uliopakwa chokaa panaweza kukausha matumba, kwa hiyo kama ua wako una ukuta unaotazama magharibi, uache mmea ukae hatua mbili tatu kutoka ukutani.

Kwa wanaoishi karibu na bahari, jambo jingine la kuzingatia ni upepo wa chumvi. Wakati wa kusi, yaani msimu wa upepo utokao kusini, upepo huo huunguza kingo za majani na kuangusha matumba kabla hayajafunguka, kwa hiyo ukuta, makuti au safu ya mimea migumu upande wa baharini ni kinga ya kutosha. Panda pia karibu na baraza au dirisha unalolifungua jioni, kwa kuwa harufu yake hutoka baada ya jua kuzama na hakuna faida ya kuipeleka pembeni mwa kiwanja.

Hatua ya tatu: kuandaa udongo

Hapa ndipo pwani inapowapa taabu wapandaji. Ardhi ya visiwa na ya sehemu kubwa ya ukanda wa bahari imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na udongo wake una chokaa nyingi ya asili. Katika nyua za mji wa kale, kama Mji Mkongwe wa Unguja au Lamu, hali huzidi kwa sababu ardhi imechanganyika na kifusi cha kuta za zamani zilizojengwa kwa mawe na chokaa. Udongo wa namna hii hauukoseshi mmea madini ya chuma, kwani chuma kinaweza kuwamo, bali huyafunga madini hayo mizizi isiweze kuyafyonza. Dalili yake ni dhahiri: majani machanga ya nchani hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani, kama mchoro wa wavu. Mtu asiyejua huongeza mbolea au maji, na hali haibadiliki.

Chimba shimo lenye upana na kina cha sentimita 45 hivi, na kama ardhi ina kifusi, lipanue zaidi. Toa mawe yote ya matumbawe na vipande vya chokaa unavyoviona, kisha usirudishe udongo ule ule peke yake. Changanya sehemu mbili za udongo mwekundu au tifutifu ulioletwa kutoka kwingine, sehemu moja ya mboji au samadi iliyooza vizuri mpaka haina tena harufu kali, na sehemu moja ya mchanga wa mtoni ikiwa udongo ni mzito. Usitumie mchanga wa pwani hata ukiwa unaonekana safi, kwa kuwa una chumvi na vipande vya makombe ambavyo ni chokaa tupu.

Majivu ya jikoni yanastahili onyo la pekee. Ni desturi ya nyumba nyingi kumwaga majivu kwenye mashina ya mimea, na kwa udongo wenye uchachu wa nyanda za juu yanaweza kufaa. Kwenye udongo wa matumbawe yanaongeza tatizo lile lile la chokaa, kwa hiyo yaweke mbali na mwasumini. Mboji na majani makavu yaliyooza ndiyo yanayosaidia, kwa sababu yanapooza huongeza uchachu kidogo kidogo na kushika unyevu.

Kwa wenye udongo wa mfinyanzi tatizo ni maji kutuama. Jaza shimo maji usiku; yakiwa bado yapo asubuhi, inua tuta la kimo cha sentimita 20 au 30 na upande juu yake, kwa kuwa mizizi ya mwasumini huoza upesi ikilala ndani ya maji.

Hatua ya nne: kuotesha miche yako mwenyewe

Mwasumini wa bustanini ni nadra kutoa mbegu, kwa hiyo huzalishwa kwa vipande vya matawi au kwa kulaza tawi ardhini. Jirani mwenye mmea unaochanua vizuri ni chanzo bora kuliko kitalu, kwa kuwa mche utakaotokana na tawi lake utakuwa na maua yale yale uliyoyaona.

Kwa vipande, chagua tawi lililoanza kukomaa, ambalo ukilipinda linapinda kwa ugumu kidogo, wala si la kijani laini sana wala la kahawia lililokauka gome. Kata kipande cha sentimita 12 hadi 15 chenye vifundo vitatu au vinne, ukikata chini kidogo ya kifundo cha mwisho, kwa kuwa mizizi hutokea hapo zaidi. Ondoa majani ya chini yote na ubakishe mawili ya juu. Yakiwa makubwa, yakate nusu ili yasipoteze maji mengi. Ukiwa na unga wa kuotesha mizizi kutoka duka la pembejeo, uchovye ncha ya chini humo na ukung'ute unaozidi, ingawa vipande vingi huota bila unga huo.

Chomeka vipande katika chombo chenye mchanga wa mtoni na mboji kwa kiasi sawa, mpaka vifundo viwili viwe ndani. Mwagilia taratibu, kisha funika kila kipande kwa chupa ya plastiki ya maji iliyokatwa kitako, huku kifuniko chake kikiwa kimeondolewa ili hewa ipite. Weka chombo kivulini penye mwanga, si juani. Mchanga uwe na unyevu bila kuloa chepechepe. Baada ya wiki nne hadi sita vuta kipande kidogo tu. Kikikataa kutoka, mizizi imeanza. Subiri kitoe majani mapya kabla ya kukihamishia kwenye mfuko wake, na ukizoeze jua kwa siku kadhaa kwa kukisogeza hatua kwa hatua.

Kulaza tawi ni njia ya polepole lakini haina wasiwasi, kwani tawi huendelea kulishwa na mama yake. Shika tawi la chini linaloweza kufika ardhini, kwaruza gome upande wa chini karibu na kifundo kwa urefu wa sentimita mbili, lifukie sehemu hiyo kwa udongo wenye mboji na uliwekee jiwe lisiinuke, huku ncha ikitazama juu. Baada ya miezi miwili au mitatu likate upande wa mama na uhamishe mche ukiwa na udongo wake.

Hatua ya tano: kupanda

Wakati mwafaka wa kupanda pwani ni mwanzo wa masika, mwezi wa Machi au mapema Aprili, ili mvua zifanye kazi ya kumwagilia wakati mizizi inashika. Mwanzo wa vuli, mwezi wa Oktoba, unafaa pia, mradi uwe tayari kumwagilia kwa bidii kaskazi itakapoingia na jua kuwa kali. Anayepanda katikati ya kiangazi hatakosea ikiwa ana maji ya kutosha, lakini atajiongezea kazi.

Panda jioni. Mwagilia mche ndani ya mfuko saa moja kabla, chana mfuko badala ya kuuvuta mche kwa shina, na uuweke shimoni kwa kina kile kile ulichokuwa nacho mfukoni. Rudisha udongo, ushindilie kwa viganja tu, kisha tengeneza kibwawa kidogo kuzunguka shina na umwage ndoo moja ya maji polepole. Ukipanda zaidi ya mmoja, acha mita moja na nusu kati ya mche na mche. Tandaza majani makavu au nyasi kuzunguka, lakini yasiguse shina.

Hatua ya sita: maji

Katika wiki tatu za mwanzo mwagilia kila baada ya siku moja kama hakuna mvua. Mmea ukishashika, mara mbili kwa wiki wakati wa kiangazi hutosha kwa udongo mwingi, na wakati wa mvua uache kabisa. Kipimo cha kuaminika ni kidole: kitie udongoni hadi pingili ya pili, na ukikuta bado kuna unyevu, subiri. Ni bora kumwaga maji mengi mara chache yazame hadi mizizi ya chini, kuliko kunyunyiza kidogo kila siku, kwani mizizi itakaa juu na kuungua.

Visima vilivyo karibu na bahari aghalabu huwa na maji ya munyu, hasa mwishoni mwa kiangazi. Maji hayo yanaweza kufaa kufulia na kuoshea vyombo, lakini kwenye mwasumini huonekana baada ya muda kwa kingo za majani kuwa za kahawia na kukauka kuelekea ndani. Kinga maji ya mvua kwenye pipa uyahifadhi kwa ajili ya mimea ya namna hii, na kama huna budi kutumia ya kisima, basi kila mvua kubwa inapopita acha kibwawa cha shina kijae na kuzama, chumvi isukumwe chini ya mizizi.

Hatua ya saba: mbolea

Weka samadi ya ng'ombe au mbuzi iliyooza, nusu ndoo kwa kila mmea uliokomaa, mara baada ya kupogolea, na uifukie kidogo kwa uma au jembe dogo bila kukata mizizi ya juu. Mbolea ya kuku ni kali. Itumie kidogo na ikiwa imekaa miezi kadhaa. Ukipenda mbolea ya dukani, chagua yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa uwiano sawa, na uweke konzi moja ndogo ukiizungusha mbali na shina, kisha umwagilie. Urea peke yake itakupa kichaka kinachong'aa kisicho na ua.

Kwa wale ambao majani yao yanageuka manjano kwa sababu ya chokaa, kuna mbolea za maji zenye madini ya chuma zinazonyunyizwa majanini, na rangi huanza kurudi kwenye majani yanayofuata. Hiyo ni dawa ya muda tu, na tiba ya kudumu ni ile ya udongo iliyoelezwa hapo juu.

Hatua ya nane: kupogolea

Kwa maoni yangu hatua hii ndiyo inayotenganisha mwasumini wa maua na mwasumini wa majani, na ndiyo ambayo watu huiogopa zaidi. Tazama ncha ya chipukizi linalokaribia kuchanua: juu ya jozi ya mwisho ya majani hukaa matumba matatu, na wakati mwingine zaidi, la katikati likiwa limetangulia kunenepa na mengine mawili yakilifuata ubavuni. La katikati hufunguka jioni moja, ya pembeni hufunguka jioni zinazofuata, na yakishaanguka ncha hiyo imemaliza kazi yake. Ukiiacha, hubaki hapo kama kijiti kikavu. Ukiikata juu kidogo ya jozi ya majani iliyo chini yake, baada ya siku chache utaona vijicho viwili vya kijani vikivimba, kimoja katika kila kwapa la jani, na kila kimoja huwa chipukizi lenye matumba yake. Tawi moja limekuwa mawili, na maua yanaongezeka kwa hesabu hiyo hiyo.

Kwa hiyo kuna kupogolea kwa aina mbili. Kwanza ni kule kwa kila wakati: kila duru ya maua inapokwisha, pita na mkasi ukate ncha zote zilizochanua, pamoja na kipande cha tawi chenye jozi moja au mbili za majani. Hii ni kazi ya nusu saa kwa kichaka kimoja, na inaweza kufanywa wakati wa kuchuma.

Pili ni kupogolea kukubwa kwa mwaka. Wakulima wa Tamil Nadu nchini India, wanaolima asumini kwa ajili ya soko na ambao aina yao ya Madurai ilisajiliwa mwaka 2013 kwa alama ya kijiografia (utambulisho wa kisheria wa bidhaa kwa mahali inakotoka), huvikata vichaka mwishoni mwa Novemba hadi kimo cha nusu mita hivi kutoka ardhini, ili machipukizi yatoke na kukuta msimu wa joto. Sisi hatupaswi kuiga tarehe yao, kwa kuwa majira yetu ni mengine, bali tuige hesabu yao: kata kabla ya majira ya joto, ili yakija yakute machipukizi mapya. Kwa pwani yetu hiyo ni mwishoni mwa Agosti au Septemba, kusi inapolegea. Mvua za vuli huyapata machipukizi yakiwa tayari, na maua huja kwa wingi katika miezi ya joto. Kwa kawaida matumba ya kwanza huonekana wiki sita hadi nane baada ya kukata.

Wiki moja au mbili kabla ya siku ya kukata, punguza maji ili mmea utulie. Kisha toa kwanza matawi yaliyokufa, yenye ugonjwa na yanayosuguana. Toa pia yale membamba ya ndani yasiyopata mwanga. Yaliyobaki yafupishe yote hadi nusu mita, kila mkato ukiwa juu kidogo ya kifundo chenye kijicho kinachotazama nje ya kichaka. Tumia mkasi mkali uliofutwa kwa spiriti. Kichaka kitaonekana kibaya kwa wiki kadhaa, na wenye nyumba wengine hulalamika. Weka samadi, anza kumwagilia vizuri na uwaombe subira. Usifanye kazi hii katikati ya mvua kubwa, kwa kuwa majeraha hukaa na maji na ukungu huingia.

Mmea wa mwaka wa kwanza usikatwe hivi. Ukifika kimo cha sentimita 30, punguza ncha zake tu ili utanuke, na ukitoa matumba katika miezi ya mwanzo ni vyema kuyaondoa, ingawa najua ni wachache watakaokuwa na moyo huo.

Hatua ya tisa: wadudu na magonjwa

Adui wa kawaida ni vidung'ata, wale wadudu wenye unga mweupe wanaojikusanya kwenye vifundo na chini ya majani. Hunyonya utomvu na kutoa umajimaji mtamu unaonata, na juu yake huota ukungu mweusi kama masizi. Ukiona sungusungu wakipanda na kushuka shinani, jua wanafuata utamu huo na pia huwalinda wadudu wenyewe. Kwa hiyo kuwazuia sungusungu ni sehemu ya tiba. Wadudu wakiwa wachache, wafute kwa pamba iliyochovywa katika spiriti. Wakiwa wengi, nyunyizia maji yenye sabuni laini na mafuta ya mwarobaini jioni, ukilenga chini ya majani, na urudie baada ya wiki moja mara mbili au tatu, kwa sababu mayai hayafi kwa mara moja. Inzi weupe nao hutibiwa kwa njia hiyo hiyo.

Utitiri mwekundu huja wakati wa ukame: majani hupauka kwa vidoa vidogo na utando mwembamba huonekana chini yake. Kuyaosha majani kwa maji ya nguvu asubuhi kwa siku kadhaa mara nyingi hutosha.

Ukikuta matumba yametobolewa na kubadilika rangi kuwa zambarau kabla ya kufunguka, pasua moja utazame kama kuna kiwavi. Chuma matumba yote ya namna hiyo uyachome au uyafukie mbali. Madoa ya kahawia majanini wakati wa masika ni ya ukungu; okota majani yaliyoanguka, fungua kichaka kipitishe hewa, na uache kumwagilia juu ya majani. Mmea ukinyauka ilhali udongo umeloa, mizizi inaoza, na hapo cha kufanya ni kuotesha haraka vipande vya matawi yaliyo mazima.

Chunguni na katika nchi za baridi

Wakazi wa ghorofani wanaweza kuupanda kwenye chungu chenye kipenyo cha sentimita 30 au zaidi, au katika ndoo ya lita 20 iliyotobolewa matundu ya kutosha chini. Mchanganyiko wa udongo ni ule ule, lakini chungu hukauka upesi, kwa hiyo utamwagilia karibu kila siku wakati wa joto na kuweka mbolea kidogo kila mwezi. Kila baada ya miaka miwili utoe, upunguze mizizi iliyozunguka na ubadilishe udongo.

Chungu ndicho pia jibu la wanaoishi kwenye baridi. Joto likishuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi mmea husimama kukua, na umande unaoganda huua matawi yake, hivyo sehemu kama Limuru au Njombe ni salama zaidi kuupanda chunguni na kuuingiza barazani kati ya Juni na Agosti. Waswahili walioko Ulaya na Amerika Kaskazini huweza kuutoa nje majira ya joto na kuurudisha ndani kabla ya usiku wa kwanza wa baridi, kwenye dirisha linalotazama kusini, mbali na kifaa cha kupashia nyumba joto ambacho hukausha hewa na kualika utitiri. Wakati huo wa baridi upunguziwe maji na usipewe mbolea.

Hatua ya mwisho: kuchuma

Asumini huchumwa zikiwa matumba, wala si maua. Pita alasiri, ukichagua matumba yaliyonenepa, yaliyogeuka meupe kabisa na ambayo bado yamefumba. Haya ndiyo yatakayofunguka jioni ile ile. Yenye rangi ya kijani kwenye ncha yaache yangoje kesho. Shika kila tumba chini ya shingo na ulivunje kwa ukucha pamoja na kikombe chake cha kijani, bila kuvuta tawi. Waandaaji wa chai ya asumini kule Fuzhou, China, hufuata kanuni hii hii: matumba huchumwa mchana na kuchanganywa na majani ya chai usiku, kwa kuwa harufu hutoka ua linapofunguka.

Yafunge matumba katika kitambaa chenye unyevu au jani la mgomba na uyaweke penye ubaridi mpaka wakati wa kutunga. Pitisha sindano nyembamba yenye uzi wa pamba katikati ya shingo, ukiyapanga kwa zamu, moja likitazama huku na jingine kule, ili koja lijae pande zote, na ulinyunyizie maji kidogo likiisha. Tumba lililochumwa likiwa bado changa halitafunguka hata likikaa majini usiku kucha, na ua lililoachwa mtini hadi asubuhi huwa limekwisha kupoteza sehemu kubwa ya harufu yake na kuanza kuwa na wekundu wa zambarau kwenye kingo.